Kano, Kipandikizi na Kishikizo: Istilahi za Upasuaji wa Goti

Kijana achezaye kandanda katika viwanja vya Tandika au Mwananyamala, akigeuka ghafula hali mguu umekita chini, aweza kukatika kano iliyo ndani ya goti. Huenda akaambiwa: "Kano imekatika. Tutachukua kano tuipandikize, kisha tuishike kwa kipandikizi." Katika maelezo hayo mafupi, neno kano limebeba maana mbili, na upandikizaji nao umetajwa kwa mambo mawili tofauti. Aliyezoea kusikia kipandikizi kikitajwa katika uzazi wa mpango atazidi kutatizika. Naye ndiye atakiwaye kutia sahihi karatasi ya kuridhia upasuaji.

Tuanze na kano. Kiswahili hulitumia neno hili kwa ufungao mfupa na mfupa, na pia kwa ule uunganishao msuli na mfupa. Katika mazungumzo ya kila siku hapana dhara. Lakini katika upasuaji huu cha pili hutwaliwa, aghalabu nyuma ya paja, kikafanye kazi ya cha kwanza. Tunaonelea cha kwanza kiitwe kano ya kiungo, cha pili kano ya msuli, na ile inayohamishwa iitwe kano pandikizi, kwa kuwa ni tishu itakayoshikana na mfupa kama mche ushikavyo udongo.

Kushikana huko huchukua majuma kadhaa. Daktari hutoboa tundu katika mfupa wa paja na jingine katika mfupa wa muundi, akaipitisha kano pandikizi, kisha akaibana, mara nyingi kwa skrubu. Katika majuma hayo ya mwanzo nguvu ya goti hutegemea kifaa hicho. Kwa kuwa kazi yake ni kushika, tunapendekeza kiitwe kishikizo, neno ambalo wananchi wanalo tayari.

Vishikizo hutofautiana kwa mata. Cha titani ni imara na hakishiki kutu, lakini hubaki mwilini, huharibu picha za MRI zipigwazo karibu nacho, na huenda kikalazimu kutolewa iwapo goti litapasuliwa tena. Cha plastiki ngumu iitwayo PEEK nacho hubaki, ila hakiharibu picha. Aina ya tatu hutengenezwa kwa polima za asidi laktiki, ambazo mwili huzivunjavunja polepole. Nyingine huchanganywa na madini ya kalisi na fosfati, yaliyo jamaa ya madini ya mfupa. Hizi huweza kuvunjika wakati wa kukazwa, na pengine huleta uvimbe wa majimaji. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2016, iliyolinganisha skrubu za metali na hizi za aina ya tatu, haikuonyesha tofauti ya dhahiri katika utendaji wa goti. Ilidokeza tu kwamba za aina ya tatu huenda zikashindwa mara nyingi zaidi, ingawa ushahidi ulikuwa hafifu.

Aina hiyo ya tatu huitwa na wengi "skrubu inayoyeyuka". Hapa hatuna budi kutahadhari. Kiyeyukacho, mathalani barafu au sukari ndani ya chai, hutoweka upesi; kishikizo hiki huweza kukaa miaka miwili au zaidi. Mgonjwa adhaniye kwamba kimekwisha kutoweka baada ya mwezi hatashtuka goti likivimba baada ya mwaka, wala hatamkumbusha daktari kwamba bado anacho. Kishikizo cha kufyonzwa, kinyume cha kishikizo cha kudumu, ni jina lililo karibu zaidi na ukweli.

Fundi seremala wa Keko hachanganyi skrubu na ubao, kwa kuwa kila kimoja kina jina lake. Mgonjwa naye anastahili kujua kipi ni mwili wake, kipi ni kifaa, na kifaa hicho kitakaa muda gani. Tunawaomba wauguzi na madaktari wa Temeke, Mwananyamala na Taasisi ya Mifupa Muhimbili wayapime maneno haya mbele ya wagonjwa wao. Istilahi isiyoeleweka kitandani mwa mgonjwa haitafaa hata ikisanifiwa.