Kiharusi kwa Waliopandikizwa Figo: Istilahi na Mipaka ya Maana Zake

Katika tafsiri ya maandishi ya tiba, kosa la istilahi si dosari ya lugha tu. Mtu aliyepandikizwa figo hurudi nyumbani na karatasi ya maagizo, na usalama wake hutegemea jinsi atakavyoielewa. Haja ya kuwa na maagizo hayo kwa Kiswahili fasaha imezidi tangu upandikizaji wa figo ulipoanza Tanzania, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Novemba 2017, na kufuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Katika makala haya tutayapambanua maneno machache yahusuyo kiharusi kwa watu hao, hasa yale yaelekeayo kuchanganywa.

Kupandikiza. Neno hili limetoka shambani. Mkulima huotesha mpunga kitaluni, kisha huung'oa na kuupandikiza mahali pengine, nao hauna budi kushika upya. Figo nayo ni vivyo hivyo. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanywa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, na Dk. Joseph Murray na wenzake. Mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana, hivyo mwili wa mpokeaji haukuiona figo ile kuwa kitu kigeni. Atoaye figo twapendelea aitwe mtoaji, wala si mfadhili, kwani neno hili la pili limekwisha kuzoeleka kwa maana ya agharamiaye jambo.

Kiharusi na kupooza. Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, lakini sivyo. Kiharusi ni maradhi yatokeayo ghafla wakati sehemu ya ubongo inapodhurika kwa sababu mshipa wa damu umeziba au umepasuka. Kupooza ni tokeo lake mojawapo. Mtu aweza kupatwa na kiharusi akapotewa na usemi au uoni bila mkono wala mguu wake kupooza, na aweza vilevile kupooza kwa kuumia uti wa mgongo. Mgonjwa aliyeambiwa ajihadhari na "kupooza" huenda asiende hospitali pindi ulimi unapokuwa mzito au mdomo unapokwenda upande, kwa kuwa anaona viungo vyake bado vyafanya kazi. Aidha, yafaa kutenga kiharusi cha mshipa kuziba, ambacho ndicho kitokeacho zaidi, na kiharusi cha mshipa kupasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa katika muda usiozidi saa 4 na nusu tangu dalili zianze, humfaa mgonjwa wa aina ya kwanza, lakini yaweza kumwangamiza yule wa aina ya pili.

Shinikizo la damu. Kila mtu aliye hai ana shinikizo la damu. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, nalo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kiharusi kwa mpokeaji figo, pamoja na kisukari, mapigo ya moyo yasiyo na mpango, umri mkubwa na uvutaji wa sigara. Kulifuta neno "juu" ni kumwambia msomaji kwamba kuwa na shinikizo la damu ni ugonjwa.

Kinga. Hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote. Mpokeaji figo hupewa dawa za kupunguza kinga ya mwili, kama takrolimu na siklosporini, ili mwili usiikatae figo mpya. Dawa hizo zaweza kupandisha shinikizo la damu na sukari, na hivyo kuongeza uwezekano wa kiharusi. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa mara kwa mara na daktari hurekebisha kipimo cha dawa. Sasa, karatasi hiyo hiyo ikimhimiza mgonjwa juu ya "kinga ya kiharusi", afanye nini? Huenda akaamua kuacha zile dawa zisemwazo kuwa zapunguza kinga, akidhani anajikinga. Matokeo yake ni mwili kuikataa figo. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya aina hii neno kinga litumike kwa uwezo wa mwili wa kupambana na vitu vigeni tu, na jambo lile la pili liitwe kuzuia kiharusi.

Hatari na uwezekano. Waliopandikizwa figo, kwa jumla, hupatwa na kiharusi mara chache kuliko wagonjwa wanaoendelea kusafishwa damu kwa mashine huku wakingoja figo. Hata hivyo hawajawa sawa na watu wenye figo zao nzima, na figo iliyopandikizwa ikishindwa kufanya kazi, uwezekano huo hupanda tena. Mfasiri akiandika "hatari imeondoka", amesema uwongo. Akiandika "uwezekano wa kupatwa umepungua", amesema kweli, na msomaji ataendelea kuhudhuria kliniki.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

1. mtoaji figo, mpokeaji figo
2. kiharusi cha mshipa kuziba. Kiharusi cha mshipa kupasuka
3. shinikizo la juu la damu
4. dawa za kupunguza kinga ya mwili
5. kuzuia kiharusi
6. uwezekano wa kupatwa
7. mwili kuikataa figo, figo kushindwa

Istilahi haziwi sanifu kwa kuchapishwa tu. Husanifika kwa kutumiwa na wenye kazi. Kwa hiyo twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa afya wayajaribu maneno haya mbele ya wagonjwa wenyewe, nao watuletee maoni yao. Neno ambalo mgonjwa amelielewa vingine, hata likipendeza namna gani, halina budi kutafutiwa jingine.