Muda Kama Uzio: Usimamizi wa Malisho kwa Gharama Nafuu katika Ranchi za Laikipia

Utangulizi

Nomino malisho imetokana na kitenzi lisha, ambacho nacho ni kauli ya kusababisha ya kitenzi -la. Ndani ya neno hilo, basi, mna mtu: yupo anayemfanya mnyama ale, mahali fulani na kwa muda fulani. Nyasi zisizo na mwenye kuziamulia ni nyasi tu. Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi uamuzi huo unavyoweza kufanywa kwa gharama nafuu katika ranchi za ng'ombe za Laikipia, nchini Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba nyenzo bora zaidi ya kutunza nyasi si seng'enge wala mbegu za kununuliwa, bali ni muda.

Suala hili haliwahusu wenye ng'ombe pekee. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Awali, mnamo 2017, wafugaji waliosukumwa na kiangazi waliingiza mifugo katika ranchi za Laikipia, na ghasia zilizozuka zikasababisha vifo. Ni bayana kwamba nyasi zinapokwisha upande mmoja wa ua, amani hutetereka pande zote mbili.

Jinsi nyasi zinavyoumia

Jani ndilo jiko la mmea, kwani hapo ndipo mwanga wa jua unapogeuzwa kuwa chakula. Jani likiliwa, mmea huchota akiba yake iliyo kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina ili uchipuze upya. Majani mapya yakikua, deni hilo hulipwa. Ng'ombe akirejea na kulila chipukizi kabla ya deni kulipwa, mizizi hufupika, shina hunyong'onyea na hatimaye ardhi hubaki wazi. Mvua inayofuata huondoka na udongo badala ya kuingia ndani yake.

Kwa bahati mbaya, chipukizi ndilo ng'ombe alipendalo. Hata ng'ombe wachache wakiachiwa uwanda mpana mwaka mzima, watarudia mashina yale yale matamu na kuyaacha mengine yakomae na kuwa makavu kama vijiti. Mfaransa André Voisin, aliyekuwa mwanakemia na mfugaji, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1957: kuumia kwa nyasi hakutokani na idadi ya mifugo pekee, bali pia na muda ambao mifugo hukaa mahali pamoja na muda inaochukua kabla ya kurudi.

Hata hivyo, kanuni iliyozaliwa katika mashamba yenye unyevu ya Ufaransa haiwezi kuhamishiwa Laikipia bila marekebisho. Sehemu kubwa ya Laikipia hupata mvua ya kati ya milimita 400 na 700 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa misimu isiyotabirika. Kwa sababu hiyo, mapumziko ya nyasi hayahesabiwi kwa siku, bali kwa mvua. Kitalu kilichofungwa siku 60 za kiangazi hakijapumzika, kimesubiri tu. Kitalu kilicholiwa sana mwaka huu kinastahili kuachwa angalau msimu mmoja kamili wa mvua, mpaka nyasi zitoe mbegu.

Hesabu ya akiba

Kazi ya pili ya msimamizi ni hesabu, nayo haihitaji mtambo wowote. Mwishoni mwa mvua, nyasi hukatwa katika vipande kadhaa vya mita moja mraba, hukaushwa na kupimwa kwa mizani. Tuseme wastani ni gramu 100. Hizo ni kilo 1,000 kwa hekta. Nusu huachwa ili kufunika udongo na kuulinda mmea. Zinabaki kilo 500 za kuliwa.

Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 hula takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Kundi la ng'ombe 200 litahitaji kilo 2,000, yaani hekta 4 kila siku. Kiangazi cha siku 120 kitataka hekta 480. Ikiwa ranchi ina hekta 360 zilizo tayari, upungufu umejulikana mapema, wakati maksai na ng'ombe wazee wangali wanono na bei yao ingali nzuri. Anayesubiri mpaka mbavu zihesabike huuza kwa hasara, tena siku ambayo kila mtu anauza.

Wenyeji waliifahamu hekima hii kabla ya ranchi kuanzishwa. Wamaasai hutenga olopololi, sehemu ya nyasi karibu na makazi kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Nao Waborana wa Isiolo, chini ya mfumo wa dedha unaosimamiwa na wazee, hutenganisha malisho ya mvua, ya kiangazi na ya ukame. Wahenga walisema akiba haiozi. Nyasi, hata hivyo, huipindua methali hiyo kidogo: kadiri zinavyosimama ndivyo protini inavyopungua. Akiba hiyo humwokoa ng'ombe, haimnenepeshi.

Mchungaji, maji na boma linalohama

Uzio wa kugawanya ranchi katika vitalu vingi ni ghali, na tembo huweza kuuangusha kwa usiku mmoja. Badala yake, mipaka ya vitalu inaweza kuwa korongo, barabara au kilima, mradi mchungaji aielewe. Kitenzi chunga hubeba maana ya kulisha na ya kulinda kwa pamoja. Mchungaji mwenye ujuzi ndiye uzio unaotembea. Maji nayo ni lango: birika likifungwa, ng'ombe huhama na nyasi zinazolizunguka hupata nafuu.

Boma la usiku ni nyenzo nyingine. Zamani lilijengwa kwa matawi ya migunga. Siku hizi ranchi kadhaa, Ol Pejeta ikiwa mojawapo, hutumia mabamba ya chuma yanayoweza kufunguliwa na kuhamishwa, na ambayo huwazuia simba. Samadi inayobaki huurutubisha udongo kwa nitrojeni na fosforasi. Utafiti uliofanywa Mpala, huko huko Laikipia, umeonyesha kuwa mahali palipokuwa na boma hugeuka uwanja wa nyasi bora unaodumu kwa miongo kadhaa, na swala huupenda. Msimamizi akiliweka boma juu ya ardhi iliyo tupu, ng'ombe humfanyia kazi hata wakiwa wamelala.

Tahadhari

Pamoja na hayo, madai makubwa yanahitaji kupimwa. Allan Savory wa Zimbabwe amedai kuwa makundi makubwa yanayohamishwa kwa mpango huweza kurejesha nyika zilizogeuka jangwa. Wanasayansi wengi wameyapinga madai hayo, na majaribio mengi ya kulinganisha malisho ya zamu na yasiyo ya zamu hayakuonyesha tofauti kubwa ya mavuno. Kwa hiyo, kuhamisha ng'ombe hakuwezi kuficha idadi iliyopita kiasi. Zamu huigawa nyasi iliyopo. Haiumbi nyasi isiyokuwepo.

Hitimisho

Usimamizi nafuu wa malisho si usimamizi wa kimaskini. Unadai mizani, daftari, mchungaji anayelipwa na kusikilizwa, na ujasiri wa kuuza mapema. Gharama yake kubwa ni subira: kulitazama bonde lililochanua baada ya mvua na kuliacha bila kuguswa, ilhali ng'ombe wanalia upande wa pili wa korongo.