Mpenda Siasa na Aanzie Vitabu vya Kwao

Vijana wapendao siasa na uandishi wa magazeti huniuliza wasome nini. Nami huwajibu: anzeni na vya Mombasa.

Cha kwanza ni Uwongozi, makala ya Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kutoka gazeti lake Sahifa, alilolianzisha mwaka 1930. Humo Sheikh hamlaumu mkoloni peke yake. Huwauliza Waislamu wenzake wao wenyewe wamefanya nini juu ya elimu na umoja wao. Kuwaambia watu wako kweli ni kazi ngumu kuliko kumtukana mgeni.

Cha pili ni Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu. Mashairi hayo aliyatunga gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga!

Sheikh atakufunza la kusema. Abdilatif atakuonyesha gharama ya kulisema. Visome vyote viwili, ndipo ushike kalamu.