Taarifa kwa Watumiaji wa Kompyuta: Herufi za Diski Baada ya Kubadilisha Diski Ngumu

Watumishi wa ofisi, wafanyabiashara na wenye steshenari wa Mwigobero, katika Manispaa ya Musoma, wanakumbushwa kwamba diski ngumu ya kompyuta inapoharibika na kuwekwa mpya, kazi haijakwisha pale mashine inapowaka. Yapo mambo ya herufi za diski ambayo yasipoangaliwa mapema huweza kusababisha kumbukumbu za miaka mingi kupotea kwa siku moja.

Mwigobero ni mahali pa ufukweni, penye soko na pa kuvukia kwenda Kinesi. Hesabu za samaki, ushuru, nauli na madeni ya wateja, ambazo awali zilikuwa za daftari tu, zinaweza leo kutunzwa ndani ya kompyuta moja, mara nyingi katika sehemu ya diski iitwayo D. Herufi hiyo ndiyo njia ambayo programu huifuata kulifikia faili. Ikibadilika, faili huwa lipo salama lakini halipatikani kwa njia iliyozoeleka.

Asili ya herufi hizo ni ya zamani. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilitumia diski laini, nazo ziliitwa A na B. Mwaka 1983 ulipotoka muundo wa XT wenye diski ngumu ya megabaiti 10, diski hiyo ilipewa herufi C, na desturi hiyo haijabadilika ingawa diski laini zimetoweka. Katika Windows 95 herufi ziligawiwa upya kila kompyuta ilipowashwa, kwa kufuata mpangilio wa diski. Ndiyo maana kuongeza diski ya pili kuliweza kuisukuma D ya jana ikawa E. Kuanzia Windows 2000, mfumo huweka kumbukumbu katika rejista yake: kila sehemu ya diski hutambuliwa kwa alama yake ya siri, na herufi iliyopewa hukumbukwa.

Hapo ndipo chanzo cha tatizo. Diski mpya ina alama mpya, hivyo Windows haiitambui kuwa mrithi wa ile iliyotolewa, bali huipatia herufi yoyote iliyo wazi. Na iwapo Windows yenyewe imewekwa upya, rejista ya zamani haipo tena. Herufi D inaweza kuchukuliwa na kisomaji cha CD au cha kadi, na hazina ya ofisi ikajikuta ni E.

Matokeo hayafanani. Jedwali lililounganishwa na faili la D hutoa onyo, na mtumiaji hujua kuna kasoro. Kibaya zaidi ni kazi ya kunakili kumbukumbu kila jioni, iliyopangwa ijiendeshe yenyewe: inaweza kuendelea kunakili mahali pasipo sahihi, au kushindwa kimyakimya, na jambo hilo likagunduliwa siku nakala inapohitajika.

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Mtumiaji mwenye haki za msimamizi hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, huandika diskmgmt.msc, kisha hubonyeza Enter. Diski zote huonekana pamoja na ukubwa wake. Kwa kubofya sehemu husika kwa kitufe cha kulia cha kipanya, hupatikana fursa ya kubadili herufi. Herufi moja haiwezi kushikwa na sehemu mbili. Kwa hiyo kama D imeshikwa na kisomaji cha CD, kisomaji hicho huhamishiwa kwanza kwenye Z, ndipo hazina ya ofisi ihamishwe kutoka E kwenda D. Programu zote zinazotumia sehemu hizo zifungwe kabla. Herufi ya sehemu yenye Windows, ambayo kwa kawaida ni C, isiguswe; mfumo wenyewe hukataa.

Kubadili herufi hakufuti faili hata moja. Hata hivyo, katika orodha ileile ya amri kuna amri ya kufomati, nayo hufuta. Mtu anayeamini kwamba D ni ile diski mpya tupu, kumbe herufi zimebadilishana usiku ule, anaweza kuangamiza kwa mbofyo mmoja kile alichokusudia kukiokoa. Kwa sababu hiyo diski itambuliwe kwa ukubwa wake na kwa mafaili yaliyomo, kamwe isitambuliwe kwa herufi peke yake. Ni vyema pia kila sehemu ipewe jina, kwa mfano USHURU au PICHA, kwa kuwa jina huandikwa ndani ya diski yenyewe na husafiri nayo.

Wanaonakili diski nzima kwenye nyingine wajue kwamba alama ya siri nayo huweza kunakiliwa. Diski mbili zenye alama moja zikiwashwa pamoja, Windows huizuia mojawapo. Ile ya zamani ichomolewe kwanza, mpya ijaribiwe ikiwa peke yake.

Kabla fundi hajafungua mashine, orodha ya herufi, majina na ukubwa wa kila sehemu iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ubavuni mwa kompyuta. Diski iliyotolewa, kama bado inasomeka, isiuzwe wala kufutwa mpaka mafaili ya ushuru na madeni yafunguliwe moja baada ya jingine katika diski mpya, na nakala ya jioni ionekane imefika mahali pake.