HEWA TUNAYOVUTA ILITOKA WAPI?

Najua wengi wenu hufungua gazeti hili kutafuta mashairi ya mapenzi na vitendawili. Leo nivumilieni kidogo, maana nataka kuzungumzia jiwe.

Kwetu ni Samia, kaunti ya Busia. Babu ana jiwe zito analozuilia mlango. Lina mistari mistari, mwekundu, mweusi, tena mwekundu, utadhani kikoi. Wahunzi wa Kisamia walisifika tangu jadi kwa majembe yao, na babu hupenda kutukumbusha kwamba chuma kilichimbwa papo hapo vilimani. Baada ya likizo ya Agosti nililibeba jiwe hilo hadi shuleni (matroni alinikaripia, ati sanduku si la kubebea mawe) nikamwonyesha mwalimu wetu wa kemia. Akaligeuzageuza, kisha akasema, "Hili lilizaliwa baharini, kabla hewa haijafaa kuvutwa." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Bahari, Samia?

Lakini usiku sikulala vizuri. Kesho yake nikaingia maktaba.

Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Leo, katika kila sehemu 100 za hewa, 21 hivi ni oksijeni. Nilidhani imekuwa hivyo tangu mwanzo. Kumbe kwa karibu nusu ya umri wake, dunia haikuwa na oksijeni hewani ila chembe tu! Palikuwa na nitrojeni, kabonidayoksaidi, mvuke na gesi za volkano. Ungeshushwa huko, ungezimia kabla hujamaliza salamu.

Mmoja wa waliolishughulikia jambo hili maishani ni Heinrich Holland, mwanajiokemia aliyezaliwa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1927, akafundisha katika vyuo vikuu vya Princeton na Harvard huko Marekani, akafariki 2012. Jiokemia ni kuyauliza mawe maswali ya kemia. Katika mawe yenye dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, mna kokoto za pairiti, madini ya chuma na salfa, zilizoviringishwa na mito ya kale hadi zikawa duara. Siku hizi pairiti ikikaa mtoni huliwa na oksijeni ikawa kutu. Zile hazikuliwa. Basi oksijeni ilikuwa wapi? Holland ndiye aliyeyapa mabadiliko yaliyofuata, kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Tukio Kuu la Oksijeni.

Na jiwe la babu? Bahari za wakati huo zilikuwa na chuma kilichoyeyuka majini. Leo haiwezekani, kwani chuma kikikutana na oksijeni hugeuka kutu na kuzama. Kutu ya kale ilitua chini tabaka kwa tabaka, na hiyo ndiyo mistari myekundu.

Hapo rafiki yangu tunayemwita Wakili, kwa ubishi wake, akanikamata. "Wewe, si umesema oksijeni ilikuja miaka bilioni 2.4 iliyopita? Na jiwe lenu lina zaidi ya bilioni 2.5. Kutu ilitoka wapi?"

Enyewe nilinyamaza. Siku tatu nzima sikuwa na jibu. Mwalimu alinieleza kwamba palikuwa na bakteria waliotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Huenda baadhi walitoa oksijeni kidogo majini, ikamezwa na chuma kabla ya kufika hewani. Wapo wengine wanaoweza kugeuza chuma kuwa kutu bila oksijeni yoyote. Wataalamu bado wanabishana ni kundi gani lililofanya kazi kubwa. Kwa hiyo chuma peke yake si shahidi wa kutosha, na Wakili alikuwa na haki ya kuuliza.

Shahidi mzito zaidi ni salfa. Atomu thabiti za salfa ziko za aina nne, zenye uzito wa 32, 33, 34 na 36. Katika kemia ya kawaida nyepesi hutangulia na nzito hubaki nyuma, tena kwa mpango: 33 imeizidi 32 kwa moja, 34 imeizidi kwa mbili, basi 33 huachwa takriban nusu ya 34. Mwaka 2000 James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens walitangaza kwamba katika mawe ya kale sana kanuni hii imevunjwa. Mawe ya baadaye yanaitii.

Aliyeivunja ni jua. Gesi ya salfa kutoka volkano ilipigwa na miale ya urujuanimno, ambayo huvunja molekuli bila kujali mpango ule wa uzito. Leo miale hiyo huzuiwa na ozoni, na ozoni ni atomu tatu za oksijeni zilizoshikana. Pasipo oksijeni hapana ozoni. Isitoshe, oksijeni ikiwa nyingi, salfa yote hewani huchanganyika ikawa kitu kimoja, na alama ile ikapotea. Mwaka 2002 Alexander Pavlov na James Kasting walikokotoa kwamba ili alama isalie mawe, oksijeni ilipaswa kuwa chini ya sehemu moja kwa 100,000 ya kiwango cha leo.

Wakili alisoma hesabu hiyo mara mbili, akarudisha kitabu bila neno. Jiwe nimelirudisha nyumbani Desemba. Babu alinisikiliza hadi mwisho, akalisukuma mlangoni kwa mguu, akauliza, "Na hiyo bahari ilikwenda wapi?"