Enzi za Kupiga Namba ya Intaneti: Kulinganisha Gharama

Enzi za intaneti ya kupiga simu, msomaji wa Singida, Manyoni au Kiomboi mwenye kompyuta, modemu na simu ya mezani aliweza kusoma habari za dunia pasipo kusubiri gazeti lisafirishwe takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo, wengi walilinganisha ada ya mwezi pekee, kisha walishtushwa na ankara ya simu. Mtumiaji alilipa mara mbili: ada kwa mtoa huduma za intaneti, na dakika za simu kwa kampuni ya simu.

Namba iliyopigwa ndiyo iliyoamua bei

Tovuti iliyosomwa ingeweza kuwa London au Cologne, lakini umbali huo haukuongeza gharama ya simu. Kilichohesabiwa ni umbali kati ya simu ya mtumiaji na namba iliyopigwa na modemu. Aliyepiga namba ya mjini kwake alitozwa bei ya simu ya mjini. Aliyepiga namba ya nje ya nchi alitozwa bei ya simu ya kimataifa, hata kama huduma yenyewe ilitangazwa kuwa ya bure.

Mfano wa hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za mtoa huduma yeyote. Msomaji alitumia dakika 30 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, yaani dakika 600.

- Namba ya mjini: ada sh. 30,000, simu sh. 40 kwa dakika. Jumla sh. 54,000.
- Namba ya Dar es Salaam: ada sh. 15,000, simu sh. 150 kwa dakika. Jumla sh. 105,000.
- Namba ya nje ya nchi: hakuna ada, simu sh. 900 kwa dakika. Jumla sh. 540,000.
- Intaneti kafe: sh. 1,000 kwa saa. Jumla sh. 10,000.

Aliyesoma dakika 100 tu kwa mwezi angelipa sh. 34,000 kwa namba ya mjini, na sh. 30,000 kwa namba ya Dar es Salaam. Kwa hiyo, ilifaa kukadiria kwanza dakika, ndipo kuchagua.

Kupunguza dakika

Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde haiwezi kupokea zaidi ya kilobaiti 7 kwa sekunde. Ukurasa wa kilobaiti 210 ulichukua angalau nusu dakika, na zaidi ya hapo laini ilipokuwa mbovu. Ilifaa kuzima picha, kufungua kurasa zilizohitajika, kukata simu, kisha kusoma kwa utulivu.

Kujihadhari na programu zilizobadili namba

Mwaka 1997, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilifungua shauri dhidi ya wasambazaji wa programu iliyokata simu ya mtumiaji kimyakimya na kuiunganisha na namba ya Moldova. Waathirika walitozwa zaidi ya dola 2 kwa dakika, na simu iliendelea kuhesabiwa hata baada ya kuondoka kwenye tovuti husika. Ilifaa kutokubali programu isiyojulikana, na kukagua namba iliyoandikwa kwenye kompyuta kabla ya kuunganisha. Ikiwa huhitaji kupiga simu za kimataifa, iombe kampuni ya simu izifunge.

Ankara ikikutia shaka

Andika tarehe na saa za kila muunganisho, kisha omba mchanganuo wa simu zako. Wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma kwa maandishi na ubaki na nakala. Usiporidhika na jibu, yawasilishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003. Daftari lako la dakika litakuwa ushahidi wako wa kwanza.