Dawa za Mifugo na Wadudu wa Kinyesi cha Ng'ombe

Watahiniwa wengi wakiulizwa athari za dawa za mifugo kwa mazingira huandika "dawa huua wadudu", kisha huishia hapo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halielezi dawa aliyopewa ng'ombe humfikiaje mdudu aliye nje, wala hasara inayofuata.

Kazi ya wadudu wa kinyesi

Nzi na mbawakawa hutaga mayai katika kinyesi kibichi, na mabuu yao hukila. Mbawakawa wa kinyesi, wale weusi tunaowaona wakibiringisha matonge, hukifukia ardhini. Kwa kufanya hivyo:
(a) hurudisha rutuba kwenye udongo;
(b) vishimo vyao hupitisha hewa na maji;
(c) hupunguza mazalia ya nzi wasumbufu;
(d) huacha nafasi ya majani kuota.

Mfano mzuri ni Australia. Ng'ombe walipofikishwa huko mwaka 1788, mbawakawa wa nchi hiyo walikuwa wamezoea vinyesi vidogo vikavu vya kangaruu. Kinyesi cha ng'ombe kilirundikana malishoni na nzi wakazidi. Kuanzia miaka ya 1960, wanasayansi waliingiza mbawakawa wa kigeni, wengi wakitoka Afrika.

Dawa hufikaje kwenye kinyesi?

Ivermektini ilianza kutumika kwa mifugo mwaka 1981. Hupooza minyoo pamoja na baadhi ya vimelea wa nje kwa kuvuruga neva na misuli yao. Mwili wa ng'ombe hauivunji yote: sehemu kubwa hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Kiwango huwa kikubwa siku za mwanzo, kisha hupungua, ingawa mabaki huweza kudumu kwa wiki kadhaa.

Mabuu hudhurika kuliko wadudu wazima. Wengine hufa, wengine hushindwa kufikia hatua ya pupa. Dawa za pairethroidi zinazomwagwa mgongoni kuzuia kupe na mbung'o, kama deltamethrini, nazo huacha mabaki yenye sumu kwenye kinyesi. Albendazoli haina madhara makubwa kwa mbawakawa.

Namna ya kupunguza madhara

1. Kutibu mifugo inayohitaji tu, baada ya kupima kinyesi.
2. Kumwomba mtaalamu wa mifugo ushauri wa dawa isiyodhuru sana wadudu.
3. Kutotibu kundi zima kwa wakati mmoja, ili kiwepo kinyesi kisicho na dawa.
4. Kuwatenga waliotibiwa katika eneo moja kwa siku za mwanzo.

Zingatia: Usihitimishe kwamba mfugaji aache dawa. Ng'ombe mwenye minyoo mingi hukonda, maziwa hupungua, na ndama huweza kufa. Hoja ni matumizi yenye kipimo.

Swali la mazoezi

Mfugaji alitibu ng'ombe wake wote kwa ivermektini kila mwezi. Baada ya muda, aliona kinyesi kikikauka malishoni bila kuoza na majani yakipungua. Eleza sababu. (Alama 5)

Mwongozo wa jibu: dawa hutoka na kinyesi (1), mabuu hufa (1), mbawakawa hupungua (1), kinyesi hakifukiwi (1), majani hufunikwa na udongo hukosa rutuba (1). Fuata mpangilio huo. Ukiruka hatua moja umepoteza alama yake.